Fizikia ya joto inanitesa chuoni: kosa ni langu au somo ndivyo lilivyo?

#1 Nusu Kelvin
Habarini wakuu. Mekanika nilipita vizuri, umeme na sumaku nikapita, hata mawimbi sikuona shida. Hii thamodinamiki ndiyo imenikaba koo. Darasani naelewa, kitabu naelewa, fomula zote ninazo kichwani, ila nikipewa swali sijui nianze na ipi. Kuna dQ (joto), kuna dU (nishati ya ndani), kuna dW (kazi), mara TdS, mara H, F na G (nishati za namna nyingine), na kila moja ina masharti yake ambayo swali lenyewe haliyataji.

Mwenzangu anasema tatizo langu ni hesabu. Mhadhiri anasema hatusomi. Dai langu mimi ni kwamba somo hili linafundishwa kinyumenyume: tunaanza na injini za mvuke za karne ya 19, molekuli zinakuja mwishoni muhula ukiwa umeisha, wakati molekuli ndizo zinazoeleza kila kitu. Mliovuka hapa, nini kiliwafungua macho?

#2 Kalkuleta Mbovu
Pole mkuu. Naweka kambi hapa nasubiri wajuvi, maana na mimi nina sapu (mtihani wa marudio) ya somo hilohilo.

#3 Binti Maabara
Mwenzako yuko sahihi. Ni hesabu, na si hesabu zote, ni deriveti pashali. Kwenye mekanika kila kitu kinakwenda na muda, ukijua t umejua yote. Huku kuna P (presha), V (ujazo) na T (halijoto), mbili zikijulikana ya tatu inajulikana, kwa hiyo huwezi kusema "U inabadilikaje na T" ukaishia hapo. Lazima useme nini kimeshikiliwa kisibadilike. Ile herufi ndogo chini ya mabano, ambayo watu wanaiacha wakinakili ubaoni, ndiyo yenye maana yote.

Jipime. Chukua PV = nRT. Tafuta badiliko la P kwa V ukishikilia T, la V kwa T ukishikilia P, la T kwa P ukishikilia V. Zidisha zote tatu. Ukitaka "kukata" juu na chini utasema jibu ni 1. Fanya kwa mkono uone.

#4 Kalkuleta Mbovu
Nimefanya. Ya kwanza −P/V, ya pili V/T, ya tatu T/P. Jibu −1?? Hii hasi imetoka wapi jamani

#5 Binti Maabara
Imetoka kwenye ya kwanza: ukishikilia halijoto, ujazo ukipanda presha inashuka. Na si kwa gesi kamilifu tu, ni −1 kwa kitu chochote chenye P, V na T. Kama jambo hili linakushangaza, basi mahusiano manne ya Maxwell (fomula zinazounganisha deriveti kama hizi) utayakariri kama shairi na yatakukimbia chumba cha mtihani.

#6 MzeeWaPistoni
Dada hapo juu ana hoja lakini sikubali kwamba hilo ndilo shina. Nimesahihisha karatasi nyingi za vijana, na wengi wanaoanguka hesabu wanaziweza. Kinachowaangusha ni kuandika fomula kabla hawajaamua wanazungumzia nini. Mfumo ni upi? Gesi peke yake, au gesi pamoja na silinda? Mpaka unapita wapi? Kinachovuka mpaka ni joto, ni kazi, au ni gesi yenyewe? Nusu ya maswali yanafunguka ukishachora ule mstari wa nukta kuzunguka mfumo.

Halafu kuna uzembe wa kawaida. Swali: injini inafanya kazi kati ya 227 °C na 27 °C, ufanisi wa juu kabisa ni upi? Kijana anaandika 1 − 27/227, anapata asilimia 88, anapiga mstari chini mara mbili. Jibu ni 1 − 300/500, kwa Kelvin, asilimia 40. Kugawanya kagawanya vizuri kabisa, deriveti pashali haimo hata moja. Hakujiuliza T ile ni ya kipimo gani.

#7 Chembe
Mimi namuunga mkono mleta mada. Hata huyo kijana wa asilimia 88 angeokoka kama angefundishwa tangu mwanzo T ni nini hasa, badala ya kuambiwa "ndicho kinachosomwa na kipimajoto".

Chukua spini 100 (kama visumaku vidogo vya chembe), kila moja ipo juu au chini. Mipangilio yote ni 2 kwa kipeo cha 100, kama 1.27 × 10³⁰. Mpangilio wa zote kuwa juu ni mmoja tu. Mipangilio ya nusu juu nusu chini ni kama 1.01 × 10²⁹, yaani asilimia 8 ya yote imerundikana kwenye hesabu moja. Sasa badala ya 100 weka 10²³. Mfumo ukiachwa peke yake utakwenda wapi? Hakuna anayeusukuma, ni kwamba karibu mipangilio yote ipo upande huo. Hiyo ndiyo kanuni ya pili ya thamodinamiki, umeielewa kwa kuhesabu. Kisha 1/T ni kiasi ambacho S (entropi, kipimo cha wingi wa mipangilio) inaongezeka ukiongeza U kidogo, kwa V na N (idadi ya chembe) zisizobadilika. Baada ya hapo injini unazisoma kama mazoezi.

#8 MzeeWaPistoni
Na huyo wa 10²³ atanipigia hesabu ya boila lini?

#9 Chembe
Boila lako utalikuta kwenye jedwali la mvuke, mzee, si kwenye fizikia 😄

#10 Daftari la Zamani
Historia ina umuhimu wake. Carnot, yule mhandisi Mfaransa wa injini, aligundua entropi bila kujua molekuli wala nini. Kama yeye aliweza kuanza na injini, na sisi tunaweza.

#11 Binti Maabara
Namba 10, hapana. Carnot alichapisha kazi yake 1824 akiwa na miaka 28, na alionyesha kwamba ufanisi wa juu unategemea halijoto mbili tu, si aina ya gesi. Entropi si yake. Ni ya Clausius, aliyeipa jina hilo 1865. Na Carnot aliijenga hoja yake juu ya dhana kwamba joto ni kitu kisichoisha, kinachoshuka kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi bila kupungua. Joule ndiye aliyekuja miaka ya 1840 kuonyesha kwamba kazi inageuka joto kwa kiwango kilekile kila mara.

#12 Chembe
Asante kwa kunisaidia. Yaani tunamfundisha mtoto wa watu kwa mpangilio ambao hata wenyewe waliugundua wakiwa gizani.

#13 Daftari la Zamani
Sawa kuhusu jina. Lakini angalia: dhana ya Carnot ilikuwa na kasoro na hitimisho lake limesimama mpaka leo. Hiyo inaonyesha kwamba huhitaji kujua vitu vimeundwa na nini ili kanuni ya pili ikubane. Chembe anaanza na spini, mimi nasema nguvu ya somo hili ni kwamba halijali kama ni spini, gesi au mpira wa kuvuta.

#14 Fundi Baridi
Nawasoma tu wakuu. Mimi nimetokea kwenye majokofu kwanza, chuo kikaja baadaye, na kilichonitesa si hesabu wala historia. Ni ile michoro. Darasani kila kitu ni P na V, pistoni inakwenda inarudi. Kazini sisi tunasoma presha na enthalpi, yaani H. Kompresa, kondensa, kapilari, evapareta, mzunguko mzima unauona kwenye mchoro mmoja. Kwenye kapilari presha inaporomoka na enthalpi haibadiliki, mstari unashuka wima, basi. Nilipoambiwa nichore kitu hichohicho kwenye P na V nilikwama, na nikaambiwa sielewi thamodinamiki, mimi ambaye nimezijaza gesi ya R134a kuliko aliyekuwa ananifundisha.

H ilikuwa na maana kwangu kabla ya U. Kama gesi inaingia na kutoka kwenye mpaka, kuisukuma iingie ni kazi, na H imeshaibeba kazi hiyo ndani yake. Wanafunzi wanapewa H kama U + PV bila kuambiwa PV imefuata nini pale.

#15 Kalkuleta Mbovu
Fundi, swali la pembeni. Jokofu linatumia jouli 1 ya umeme na kutoa ndani jouli 3 za joto. Si ufanisi wa asilimia 300 huo? Kanuni ya kwanza, kwamba nishati haitengenezwi, imekufa?

#16 Fundi Baridi
Haijafa. Jouli 3 hazijatengenezwa, zimehamishwa. Nyuma ya jokofu zinatoka 4, weka mkono uone. Kwa ndani −18 °C na nje 27 °C, kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni 255 gawanya kwa 45, yaani karibu 5.7. Hakuna jokofu la dukani linalofika hapo.

#17 Nusu Kelvin
Asanteni wakuu, mnashusha nondo. Naomba nitoe swali lililonivuruga kabisa. Gesi ipo nusu ya chombo, nusu nyingine ni tupu, kuta hazipitishi joto. Pazia linaondolewa, gesi inajaa kote. Q ni sifuri, W ni sifuri, kwa hiyo U haibadiliki, na kwa gesi kamilifu T haibadiliki. Mpaka hapo sawa. Lakini dS = dQ/T na Q ni sifuri. Mbona majibu yanasema entropi imeongezeka kwa nR ln 2?

#18 Daftari la Zamani
Kwa sababu mpangilio umevurugika zaidi. Entropi ni vurugu. Chumba ukikiacha siku kadhaa bila kukipanga kinachafuka chenyewe, ndivyo na gesi.

#19 Chembe
Yaani hiki chumba kichafu! Kimeharibu watu wengi kuliko mhadhiri yeyote. Chumba chako hakichafuki chenyewe, wewe ndiye unatupa soksi. Na tukienda kwenye fizikia yenyewe: chukua mipira midogo migumu isiyovutana kabisa, ibane mpaka ijaze zaidi ya kama asilimia 55 ya nafasi. Itajipanga safu kwa safu kama kristali. Alder na Wainwright waliliona hilo kwa kompyuta mwaka 1957. Na inajipanga kwa sababu ya entropi: ikikaa safu, kila mpira unapata pa kutikisikia zaidi kuliko ikiwa shaghalabaghala. Sasa niambie, hapo vurugu imeongezeka au imepungua?

#20 Daftari la Zamani
Mfano ni wa kuanzia tu mkuu, si wa kuandikia tasnifu.

#21 Chembe
Wa kuanzia ndio unaobaki kichwani.

#22 Msomaji wa Usiku
Turudi kwa mleta mada, swali lake la namba 17 halijajibiwa. dS = dQ/T ni kwa mchakato unaorudika tu, yaani wa polepole unaoweza kurudishwa nyuma hatua kwa hatua. Pazia likiondolewa gesi inaruka, katikati ya safari haina hata presha moja ya kuandika. Kwa hiyo unafanya hivi: S inategemea hali ya mwanzo na ya mwisho, haijali umepitia wapi. Tafuta njia nyingine, ya polepole, yenye kuanzia na kuishia palepale. Acha gesi isukume pistoni taratibu kwa halijoto isiyobadilika mpaka ujazo uwe mara mbili. Humo joto linaingia kweli, Q = nRT ln 2, gawanya kwa T. Kwa moli moja ni 5.76 J/K. Umekokotoa kwenye njia ambayo gesi haikupita, na jibu ni la gesi iliyoruka.

Nadhani hapa ndipo shida yako yote ilipo. Si hesabu za Binti, si mpaka wa Mzee. Hujatenganisha vitu vinavyokaa ndani ya mfumo (U, S, H) na vinavyotokea njiani tu (Q, W). Fanya zoezi hili, usisome kitu kingine kabla hujalimaliza. Gesi ya atomi mojamoja, 100 kPa, lita 10, 300 K. Ipeleke kwenye 200 kPa, lita 20. Njia A: pasha kwanza kwa ujazo uleule, kisha ipanue kwa presha ileile. Njia B: panua kwanza, kisha pasha. Tafuta W, Q, ΔU na ΔS kwa kila njia.

#23 MzeeWaPistoni
Zoezi zuri. Akianza aseme W ni ya gesi kuufanyia mfumo wa nje au kufanyiwa, maana wanakemia wanaandika ΔU = Q + W, sisi wa injini Q − W. Vijana wanasoma vitabu viwili usiku mmoja na asubuhi hawajui alama ipi ni ya nani.

#24 Binti Maabara
Hilo nakubaliana nawe kwa mara ya kwanza tangu uzi uanze.

#25 Kimya Kingi
Niliyoona mimi ni tofauti na nyote. Ugumu ni masharti yasiyosemwa. "Polepole", "haraka", "kuta nene", kila neno la kawaida kwenye swali ni fomula iliyofichwa, na hakuna anayekufundisha kuyasoma. Na si sisi tu. Newton alikokotoa mwendo wa sauti akichukulia kwamba hewa inabanwa huku halijoto haibadiliki. Njia hiyo inatoa kama mita 280 kwa sekunde kwenye 0 °C, wakati sauti inakwenda 331. Ilipita zaidi ya karne moja ndipo Laplace akasema mtetemo ni wa haraka, joto halipati nafasi ya kutoka, tumieni adiabatiki. Zidisha 280 kwa kipeo cha pili cha 1.4 utafika. Newton hakushindwa hesabu wala hakukosa akili.

#26 Chembe
Kipeuo cha pili cha 1.4, mkuu, si kipeo. Ukiweka kipeo sauti itaruka hadi 549. Hoja yenyewe nakazia.

#27 Nusu Kelvin
Nimelifanya zoezi la namba 22. W naandika kazi inayofanywa na gesi. Kutoka PV = nRT, nR ni 3.33 J/K. Halijoto ya mwisho 1200 K, katikati ni 600 K kwa njia zote mbili.
Njia A: W = 2000 J, Q = 1500 + 5000 = 6500 J, ΔU = 4500 J.
Njia B: W = 1000 J, Q = 2500 + 3000 = 5500 J, ΔU = 4500 J.
ΔU sawa nilitegemea. ΔS ndiyo imenikalisha chini. Njia A: 3.47 + 5.78. Njia B: 5.78 + 3.47. Zote 9.24 J/K. Joto limetofautiana kwa jouli 1000 na entropi haikutikisika, kwa sababu ile 1000 ya ziada imeingia gesi ikiwa kwenye halijoto za juu zaidi, ikagawanywa kwa T kubwa.

#28 Msomaji wa Usiku
Safi. Sentensi yako ya mwisho ina thamani kuliko namba zote. Sasa ongeza mazingira. Sema joto lote limetoka kwenye tanuri moja kubwa lenye 1200 K. Entropi ya tanuri imepungua kiasi gani kwa kila njia, na jumla ni ngapi?

#29 Kalkuleta Mbovu
Ngoja na mimi nijaribu. A: 6500/1200 = 5.42, jumla inabaki 3.82 J/K. B: 5500/1200 = 4.58, jumla 4.66 J/K. Kwa hiyo njia B ni mbovu zaidi?

#30 Fundi Baridi
Kalkuleta imepona. Ndiyo, B inapokea joto jingi gesi ikiwa bado baridi, tanuri likiwa 1200. Pengo kubwa, hasara kubwa. Kazini hiyo ndiyo tunailipia.

#31 Chembe
Na huko kwenye spini unaweza kupata T iliyo hasi kabisa. Purcell na Pound walifanya hivyo 1951 kwa viini vya atomi kwenye kristali ya lithiamu floridi. Ukishafafanua T kama mimi nilivyosema namba 7, halikushangazi. Ukiwa umekaririshwa "halijoto ni wastani wa kasi ya molekuli", unabaki umekodoa macho.

#32 MzeeWaPistoni
Mtu ana sapu, wewe unampeleka chini ya sifuri.

#33 Chembe
Siyo chini ya sifuri mzee, T hasi ni ya moto kuliko zote. Inatoa joto kwa kitu chochote chenye T chanya.

#34 MzeeWaPistoni
Haya. Nimeaga.

#35 Nusu Kelvin
Nimeongeza tanuri la pili la 600 K kwa hatua ya kwanza, la 1200 kwa hatua ya pili. A: 1500/600 + 5000/1200 = 6.67. B: 2500/600 + 3000/1200 = 6.67. Jumla zote mbili 2.58 J/K. Hapa mbona tofauti imefutika?

#36 Binti Maabara
Kwa sababu kila hatua inaongeza halijoto mara mbili na tanuri lake linakaa kwenye halijoto ya mwisho wa hatua. Kila hatua inatoa nusu ya C yake (joto la kupandisha gesi kelvin moja kwa hatua hiyo), na C zote mbili zipo kwenye kila njia, ni mpangilio tu umegeuka. Badilisha tanuri la kwanza liwe 700 uone usawa unavyovunjika. Kisha weka matanuri manne, halafu kumi, jumla itateremka kuelekea sifuri. Fika huko kwa karatasi, ndipo uje tubishane tena kama tatizo ni hesabu.

#37 Kimya Kingi
Au masharti.